Anakuja na Jiko

Usinitazame mimi. Tazama kule unakokwepa siku zote, mlango wa jikoni. Umekula kwenye migahawa ya namna hii maisha yako yote. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hiki ni chakula cha nyumbani, mama mwenye mahali anakuita mwanangu, wali unafuka mvuke, na yule anayepita na sinia, mikono imebabuka hadi viwikoni, humwoni. Unamwona ukitaka pilipili. Ukiambiwa "huyu ni kama mtoto wetu," unatikisa kichwa, unasema watu wema hawa, unaendelea kutafuna. Hujawahi hata siku moja kuuliza kwa nini mtoto huyo peke yake analala karibu na mtungi wa gesi.

Basi kaa hapo hapo, na sahani yako, usikilize habari za Nurys wa Azua, mji ulio kusini mwa kisiwa chetu.

Nurys aliteremshwa kutoka milimani juu ya nyumbu wa kubebea mizigo, akiwa bado na pengo la meno ya utotoni. Mama yake alikuwa na watoto wengi na mibuni iliyokauka. Bi Zunilda alikuwa na mgahawa kando ya barabara ya kusini na watoto wawili wanaosoma. Wakakubaliana kama watu wanavyokubaliana kwetu mpaka leo: mtoto atalelewa mjini, atapelekwa shule, atasaidia-saidia kidogo. Binti wa kulea, ndivyo tunavyomwita, na jina lenyewe linapendeza mdomoni. Shule aliiona mpaka darasa la tatu. Jiko aliliona mpaka mvi zikamtoka.

Alimwita Bi Zunilda mama. Radhamés na Yudelka, wale wa kuzaliwa, walimwita dada siku zenye nguo za kupigwa pasi. Mshahara hakupewa, maana mtoto halipwi nyumbani kwao. Mezani hakuketi, maana akiketi yeye, nani apakue? Radhamés akaenda zake New York, Yudelka akaolewa mji mkuu, na wote wawili walirudi Krismasi kula na kupigwa picha. Bi Zunilda alipovimba miguu asiweze tena kusimama, Nurys alipika, akapakua, akaosha vyombo, kisha akamwosha bibi mwenyewe, akamgeuza kitandani, akamkata kucha. Watu waliendelea kusema chakula cha Bi Zunilda hakina mfano. Bibi alikuwa hajashika mwiko kwa miaka.

Bi Zunilda, nisimsingizie, hakuwa kipofu. Kwaresima ya mwisho, siku wanayopika maharage matamu kwa maziwa na viazi vitamu na kumgawia kila jirani, aliketishwa kwenye kiti chake mwisho wa meza ndefu. Wateja wa kila siku walikuwepo wote. Akagonga meza kwa kijiko.

"Nyamazeni, walafi nyie! Nyie ndio mashahidi wangu. Nikifa, jiko hili na chumba cha nyuma ni vya Nurys. Watoto wangu wana kwao. Huyu hana. Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Quírico wa bodaboda, aliyekaa ubavuni mwake. Mwalimu Leoncio, mstaafu, mjane, mtu aliyefundisha nusu ya mji kusoma, akainua kikombe. "Imesikika na imeandikwa moyoni, Bi Zunilda."

Kwingine haikuandikwa. Kiwanja kile hakina hati, kama viwanja vyote vya mtaa ule. Nyumba ilijengwa tofali kwa tofali, na mwenyewe alikuwa ni yule ambaye majirani wanasema ndiye. Kwa hiyo ahadi ya Nurys ilikaa masikioni mwa watu waliokuwa wanakula.

Bibi akafa. Walisali siku tisa, na siku zote tisa Nurys alipika kwa waombolezaji. Sala zilipokwisha, Radhamés akatangaza kwamba Jumapili atakuja mgeni kutoka mji wa Baní, Bwana Amable, mwenye maduka ya saruji na nondo, kuona mahali.

Jumamosi Mwalimu Leoncio alikuja kama kawaida kunywa kahawa mlangoni mwa jiko, na Quírico naye.

"Mwalimu, kesho wanaleta mnunuzi," Nurys akamwambia.

"Nimesikia, binti yangu."

"Utasema? Ulikuwepo mama alipotamka."

"Mimi? Nitasimama kwa miguu yangu miwili. Jiko hili ni lako, mchana kweupe."

"Mwalimu asubiri zamu," Quírico akadakia. "Nitasema mimi kwanza! Huyo Radhamés nilimtoa damu ya pua tukicheza besiboli, na Marekani haijampa pua nyingine."

Nurys alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Jioni ile alisugua jiko lote, chini na ukutani, kama mtu anayehamia.

Jumapili mgeni alichinjiwa mbuzi wa Azua, wale wanaokula oregano ya porini mpaka nyama inatoka na kiungo chake. Nurys alimpika taratibu, na wali, na maharage mekundu, na ndizi mbichi za kukaanga na kubondwa. Moyoni alikuwa na wazo moja: wakishiba vizuri, watasema vizuri. Ndilo kosa lake. Angewauliza sufuria zikiwa bado motoni, kabla hajawatia midomoni kitu ambacho wangeogopa kukipoteza.

Bwana Amable alikula kama mtu anayepima mzigo. Akalamba vidole.

"Huyu mbuzi kapikwa na nani? Mke wangu angepika hivi, saa hizi ningekuwa kwangu."

Meza nzima ikacheka. "Nurys!" Radhamés akaita. "Njoo, dada yangu, njoo uonwe." Akamkumbatia mabega, jasho na moshi na yote. "Huyu ni damu yetu, bwana. Mama alimlea sawasawa na sisi."

"Sasa nikinunua, yeye anabaki?"

"Jamani, Bwana Amable!" Yudelka akapiga makofi. "Huyu anakuja na jiko! Umeona wapi watu wanauza jiko bila moto?"

Wakacheka tena. Quírico naye alicheka, halafu akakumbuka, akakohoa.

Nurys alijitoa taratibu kwenye mkono wa Radhamés. "Jiko haliuzwi," akasema. "Mama alinipa mimi. Na chumba cha nyuma."

Radhamés hakukasirika, heri angekasirika. Alitabasamu kama daktari.

"Alikupa lini, dada?"

"Kwaresima. Hapa hapa. Walisikia wote."

"Basi vizuri, tuwaulize. Sisi si wezi." Akamgeukia mzee. "Mwalimu, umenifundisha kusoma, siwezi kukubishia. Ulisikia?"

Kabla Mwalimu hajafungua mdomo, Yudelka alikwisha ingia jikoni akatoka na sufuria kubwa na mwiko wa chuma. Nikwambie jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Kwenye mgahawa ule ukoko wa wali hauuzwi. Bi Zunilda aliugawa mwenyewe, kwa jina, na aliyepewa kipande alijua kwamba kiti chake kipo na kesho. Aliyerukwa alikwenda nyumbani kichwa chini, na mtaa mzima ukajua kabla ya magharibi.

"Mama hayupo, desturi ipo," Yudelka akasema, akaanza kukwangua. Kwaru, kwaru, kwaru. "Mwalimu, leta sahani. Wewe ndiye mkubwa."

Leoncio hakuwa na mke. Hakuwa na jiko. Mchana wake wote ulikuwa meza ile. Angepelekwa wapi na uzee wake? Najua hayo yote na simsamehe. Alisogeza sahani.

"Marehemu, Mungu amweke pema, alikuwa mtu wa maneno mengi," akasema. "Na siku ya sikukuu, watu wamechangamka..."

"Ulisikia au hukusikia, Mwalimu?"

"Masikio haya, mwanangu, ni ya kizee."

Kipande kipana kama kiganja kikatua kwenye sahani yake, na mchuzi wa maharage juu yake.

"Quírico?" Nurys akaita.

"Mimi siku ile nilikuwa nje, dada. Naangalia pikipiki."

"Ulikuwa umekaa hapo! Uliitika wa kwanza!"

"Ah, kuitika... Mtu akisema 'mmesikia', si unaitika tu?" Akapata kipande chake.

Bi Casilda, anayeuza tiketi za bahati nasibu kona ile, hakungoja kuulizwa. "Mimi mambo ya familia siyaingilii," akasema, sahani imeshanyooshwa. Vichwa vikaanza kuinama kimoja baada ya kingine. Naam, kweli, mambo ya familia hayo. Mgeni haingilii.

"Familia ipi?" Nurys akauliza. "Mimi nimo au simo?"

Walikuwa wanatafuna. Ukoko una kelele mdomoni; hakuna aliyelazimika kujibu.

Ndipo alipofanya kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu ashuke kwenye yule nyumbu. Alikwenda mwisho wa meza, akavuta kiti cha Bi Zunilda, akaketi. Aliweka mikono yake mezani, ile mikono, mbele ya watu wote.

"Inuka hapo," Yudelka akasema.

Hakuinuka.

"Inuka kwenye kiti cha mama yangu!"

Radhamés hakumgusa, ana adabu zake. Yudelka hakumgusa. Aliyemgusa ni Quírico. Alimshika chini ya kwapa kama anavyopakia gunia kwenye pikipiki, akamnyanyua, akimnong'oneza: "Twende, dada, twende. Unatutia aibu mbele ya mgeni."

"Na kahawa, Nurys," Yudelka akaongeza. "Watu wanasubiri kahawa."

Akaipika. Ndiyo, aliipika, na kama unamcheka, ujue kwamba mikono iliyozoeshwa tangu utotoni haiombi ruhusa kwa mwenye nayo. Akaileta kwenye sinia. Bi Casilda akaonja, akasema leo imepungua kungumanga.

Bwana Amable alikuwa amekunja uso. "Mimi sitaki maneno-maneno," akasema. "Mahali napataka. Huyu mama mwenye kesi simtaki."

"Umesikia, dada?" Radhamés akamwambia kwa upole. "Umejiharibia mwenyewe. Vitu vyako vitoe leo."

"Sasa nitapata wapi mpishi?" Amable akauliza. "Huyo mama keshachakaa, lakini mkono anao. Nataka mdogo, nimfundishe mwenyewe. Wapo?"

"Wapo, huko milimani wamejaa," Yudelka akasema. "Ila uwe na mtu wa kukuunganisha."

Na hapo, ndugu yangu mla chakula, Mwalimu Leoncio aliyekuwa kiziwi robo saa iliyopita akasikia. Alifuta mdomo kwa leso, akaegemea mbele, na kwa sauti yake ile ya darasani akasema:

"Mimi namjua mama mmoja kule juu. Ana mabinti watatu. Wa katikati ana akili, ndio kwanza meno yanaanguka. Nikimwandikia, Ijumaa ataletwa."

Nurys alikuwa nyuma yake na sinia mkononi. Alisikia kila neno. Sinia halikuanguka. Alilibeba mpaka jikoni, akaosha vikombe, akavifunika, akazima gesi. Godoro lake na feni yake ndogo na sanduku la nguo vilitoka kwa pikipiki ya Quírico, safari moja tu ilitosha. Quírico alikataa nauli. Alisema yeye na Nurys ni watu wa siku nyingi.

Jumatatu alikwenda kwa hakimu wa mji. Hakimu alimsikiliza, hata kiti alimpa. Kisha akasema: "Mama, mimi nakuamini, lakini imani yangu haifungui mlango. Niletee mtu mmoja aliyesikia. Mmoja tu. Mwisho ni Alhamisi mchana, baada ya hapo jiko nitawaandikia wao."

Amekwenda kila nyumba. Bi Casilda alimwambia kupitia kidirisha cha tiketi kwamba anamwombea. Quírico yuko safarini, mkewe akasema, na pikipiki imelala uani. Leoncio hakufungua mlango. Alisema kutoka ndani, "Binti yangu, nimepumzika," na wino ulikuwa bado unanuka mezani kwake, maana ile barua ya kwenda mlimani alikuwa amekwisha iandika.

Leo ni Alhamisi. Nurys yuko kwenye benchi la ukumbi wa mahakama, amevaa gauni la msibani, na kila mlango ukilia anageuka.

Wewe ulikuwa kwenye meza ile. Usiniambie hapana, umekaa kwenye meza za namna hiyo Azua, na Baní, na huko huko uliko, na masikio yako yalisikia vizuri kabisa nani aliahidiwa nini. Weka kijiko chini. Simama. Kama uko Azua, vuka barabara sasa hivi, ingia ukumbini, sema: mimi nilisikia. Kama uko mbali, jikoni kwako si mbali. Yupo mle aliyeambiwa kwamba yeye ni mtoto wa nyumba. Mwite kwa jina lake kamili, mlipe kilicho chake cha miaka yote, mbele ya majirani, na ya kesho yake iandikwe leo na iwekwe sahihi. Kisha nenda barabarani inakopita njia ya kutoka milimani, usimame katikati, na huyo mtoto mwenye pengo wanayemteremsha Ijumaa umrudishe kwa mama yake. Usimalize kwanza kula. Inuka.