Kuni za Mtu Anayepumua

Kwetu Gare kuna neno linatembea tangu mwaka ule wa korona: mgonjwa akishawekewa gesi ya kupumulia hospitali, huyo harudi. Sijui nani alilianzisha. Nililisikia kisimani, nikalisikia gulioni, nikalisikia hata kwenye jumuiya tulipokuwa tunasubiri rozari ianze. Watu walitajwa: fulani wa Vuga, fulani wa kule bondeni. Wote waliwekewa gesi, wote walizikwa. Mchana nilikuwa nalikataa, jioni nikiinjika sufuria linarudi. Na mimi nina mtoto wa kifua, Yusta, kila kipupwe anakoroma kama paka. Basi neno hilo lilikaa ndani yangu kama mwiba uliovunjikia kwenye unyayo.

Ndipo mama yangu mzazi, Secilia, ambaye tunaishi naye, akaugua. Julai ile ukungu haukutoka bondeni, na yeye hakukubali kuacha kuchuma njegere na umande wake. Kikohozi kikaanza. Tukampa tangawizi, tukamfukiza majani ya mkaratusi, tukamfunika blanketi juu ya blanketi. Kila tukisema twende Lushoto, anajibu, "Kuwekewa gesi? Niacheni nife na pumzi yangu mwenyewe."

Tukamwacha, mpaka asubuhi moja akashindwa kumaliza Salamu Maria bila kutafuta pumzi katikati. Hapo mume wangu Tobia hakumuuliza mtu. Alimbeba mgongoni hadi barabarani, na jirani Ismaili akatuchukua kwenye pikapu yake ya kabichi.

Hospitali wakasema ni nimonia. Muuguzi akamvalisha kifuniko cha plastiki puani na mdomoni, mtungi ukaanza kulia kama maji yanayotaka kuchemka. Nikamvuta muuguzi pembeni.

"Dada, hakuna njia nyingine?"

"Ipi, mama?"

"Hata sindano."

"Sindano anapata. Ila dawa inataka muda, na mapafu yake yamechoka leo. Hii inamshikia pumzi wakati dawa inapigana." Akanitazama. "Nyie mnatuletea watu midomo imeshakuwa myeusi. Wakifa, mnasema gesi."

Nilisikia, lakini moyo haukusikia. Nikatoka nje nikampigia Tobia, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya ng'ombe na watoto. Nikamwambia, "Mama amewekewa gesi." Alikuwa mbele ya duka la Bakari, na simu yake haisikiki mpaka aweke spika. Wote waliokuwa dukani wakasikia.

Kwetu mtu akifiwa hahangaiki kutafuta kuni. Kila mwanamke wa jirani anatoka na mzigo wake kichwani, anautua nyuma ya jiko la mfiwa, anaondoka bila neno. Msiba unapikiwa kwa kuni hizo. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe nimebeba mizigo mingi. Jioni ile Tobia alipotoka zizini alikuta lundo nyuma ya jiko letu. Angefanya nini? Mtu amepanda mlima na mzigo kwa kukuonea huruma, utamwambia aurudishe?

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, wakaja akina mama wa jumuiya na katekista Nikodemo. Walileta uji kwenye chupa na matunda damu, wakaanza kuimba. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Ila wimbo wenyewe ulikuwa ule wa kuagia, tunaouimba jeneza likitoka kanisani. Nikaona macho ya mama yanazunguka. Halafu shangazi yangu akaniinamia sikioni kunifariji. Shangazi ana sauti ya kuitia ng'ombe.

"Ya nyumbani yasikusumbue, mwanangu. Kuni zimeshafika, tena za kutosha."

Mama akavua kile kifuniko.

"Kuni za nini?"

Wimbo ukakatika.

"Nauliza, kuni za nini?"

"Za baridi, wifi," shangazi akasema.

"Tangu lini wewe umeniletea kuni za baridi?" Akageukia ukutani. "Haya. Nendeni mkamalizie kaburi."

Muuguzi akaja akamvalisha, mama akavua. Akamvalisha tena, akavua tena. Daktari akasema bila hiyo gesi hatafika mbali, na hatuwezi kumfunga mikono mtu mzima mwenye akili zake. Mdogo wangu Fanueli, anayekaa Mombo, akasema kwenye simu tumrudishe nyumbani akafie kitandani kwake. Katekista Nikodemo akapiga magoti, tukasali naye. Alipoinuka akawaambia akina mama watoke taratibu. "Mungu ametusikia," akasema, "lakini na mgonjwa ametusikia, na hapo ndipo tulipoharibu."

Mchana kutwa mama alipumua kwa mabega. Kucha zake zikaanza kubadilika rangi. Nilimbembeleza, nikamlilia, akanifumbia macho.

Jioni akaja Salama, mke wa Ismaili. Yeye Mwislamu, sisi Wakatoliki, na kati ya jiko lake na letu hakuna hata ua.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika. Kwetu kuachwa na shikamoo yako hewani ni zaidi ya kutukanwa. Salama akavuta stuli, akakaa.

"Mama, mimi nina kesi na wewe."

Mama akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Nilipojifungua Rahma nililazwa hapa hapa, nikawekewa gesi hii hii. Niliporudi nyumbani nikakuta kuni nyuma ya jiko. Mzigo mmoja umefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo la mkono wa kushoto. Pale kwetu ni nani anayefunga fundo la kushoto?"

Jicho moja la mama likafunguka. Mashoto ni yeye peke yake. Na Salama aliwekewa gesi akarudi; hilo nilikuwa nimelisahau.

"Ulishanizika, mama! Na kuni zenyewe za mkaratusi, mbichi. Nilizipikia makande, moshi ukaniliza kuliko uchungu wa kuzaa. Nikasema, huyu mama kama alitaka machozi ya msiba wangu, si angelia mwenyewe?"

Mabega ya mama yakatikisika. Kilikuwa kicheko, kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu. Salama akachukua kile kifuniko, hakumvalisha. Alimshikia tu karibu na uso.

"Na mimi safari hii nimeleta mzigo kwako, nakiri mbele ya binti yako. Ila wangu mkavu. Rudi uupikie, unirudishie maneno."

"Mwongo wewe," mama akasema kwa shida. "Zangu... zilikuwa kavu."

"Vaa kwanza. Tutabishana ukipona."

Akakichukua mwenyewe, akavaa. "Marahaba" aliisemea ndani, ikaacha ukungu kwenye plastiki.

Hakukivua tena mpaka muuguzi alipokitoa. Fanueli akapanda kutoka Mombo, tukapokezana kukaa naye. Ijumaa walimwombea dua msikitini, Jumapili akatajwa misani. Watoto wa Salama walikata majani ya ng'ombe wetu, na akina mama wale wale waliomwimbia wakamwagilia kabichi zetu.

Alipotoka hospitali hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya jiko, akakagua lundo, fundo kwa fundo. "Huu wa wifi. Huu wa Mama Bakari, mvivu, amekata vijiti. Salama, wako mkavu kweli." Akaagiza makande ya sufuria kubwa, akawaita wote. "Njooni mle msiba wangu nikiwepo," akasema. Walikuja, wengine wakiangalia chini. Yeye alicheka mpaka nikaogopa kikohozi.

Sasa kipupwe kinarudi, na Yusta ameanza kukoroma. Inawezekana na yeye atahitaji ile gesi, na mtoto anasikia kuliko mzee. Kwa hiyo nawaandikia, majirani zangu na wengine:

Usimkawize nyumbani mtu anayekatisha sala kutafuta pumzi.

Usifukize mkaratusi ukadhani umeshamtibu.

Usimvue mgonjwa gesi kwa maneno ya gulioni. Muulize muuguzi.

Usiongelee mgonjwa kwa spika dukani.

Usimwimbie wimbo wa jeneza. Zipo nyimbo nyingine.

Usinong'one karibu na kitanda, hasa kama sauti yako ni ya shangazi yangu.

Usiseme "akafie nyumbani" wakati daktari hajakata tamaa.

Usipeleke kuni kwa mtu anayepumua.