Milima Juu ya Sinia

Siku ya Krismasi, saa sita kasoro, Tryphena aliingia jikoni kwa Koki, mkaza mwanawe, pale Voi ili aonje mchuzi wa kuku. Akauonja mara tatu, ya tatu kwa wizi. Mchuzi haukuwa na neno. Kilichomshtua ni kimanga.

Koki alikuwa ameponda maharage na viazi vitamu hadi vikalainika kama siagi. Kisha akakishindilia kimanga kwenye vikombe vya chai na kukipindua: sahani sita, na katikati ya kila sahani kilima kimoja chenye ua la karoti kichwani na jani la dania ubavuni. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye loji huko mbugani, akiwapakulia wazungu waliokuja kuona ndovu. Wale hula kidogo, wakapiga picha nyingi.

"Mama, vimependeza?" akauliza. 

Vilipendeza, uongo wa nini. Lakini aliyekuwa njiani kutoka Chawia ni Wakesho, dada wa marehemu mume wake Tryphena, na katika ukoo ule kimanga hulundikwa pamoja, watu wakakizunguka na kumega. Mgeni akiona sahani inang'aa chini ya chakula, ameambiwa kwaheri kabla ya kukaribishwa. Na Wakesho ndiye aliyesema siku ya harusi kwamba msichana huyu wa Kikamba atamtambua siku atakapokula chakula chake akashiba. Miaka miwili imepita, hajakanyaga hapa. Leo akiondoka na njaa, mlango huo umefungwa.

"Vimependeza kama maharusi," Tryphena akasema. "Lakini mbona kila mmoja amekaa peke yake, kama aliyegombana na wenzake?"

Macho ya Koki yakajaa. "Nimekosea. Nivirudishe kwa sufuria?"

"Uzuri haurudishwi kwa sufuria, mwanangu. Lete sinia, lile kubwa."

Pikipiki ikanguruma nje. "Shangazi amefika!" Hillary, mume wa Koki, akaita kutoka langoni.

Tryphena akaviteremsha vilima kwenye sinia kimoja kimoja, bega kwa bega. Koki akatazama, akaelewa. Akachota kimanga kilichobaki akaziba mapengo, akatandaza mchicha kwenye miteremko kama mashamba, akamimina mchuzi ukashuka bondeni kama mto.

"Huyu wa katikati ni Vuria, mkubwa wa milima ya kwetu," Tryphena akanong'ona. "Mwongeze kimo, usimwaibishe."

Wakesho alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Sinia likatua mbele yake, mvuke ukipanda. Akalitazama kwa muda.

"Hii ni nini?"

"Ni kwenu, shangazi," Koki akasema kwa sauti ndogo. "Hii ni Vuria. Hapa ni Wusi, alikozaliwa mama."

"Na Chawia?"

Koki akamwonyesha.

"Mbona kadogo hivi?"

"Si mmekamaliza kwa kula, wifi," Tryphena akadakia.

Hillary akakohoa. Wakesho akanawa mikono polepole, akanyoosha mkono, akamega. Hakumega Chawia. Alimega Wusi, donge la kumtosha simba, akatafuna akimkodolea wifi yake macho.

"Wusi imeiva," akasema. Mkoba ukashuka sakafuni.

Kisha akamgeukia Koki. "Na wewe, kwenu ni wapi hapa?"

"Kwetu ni Makindu, shangazi. Hakuko kwenye sinia."

"Haiwezekani. Mtu apakue nchi nzima ajisahau mwenyewe?" Wakesho akamega kipande kikubwa cha Chawia, akakiweka ukingoni mwa sinia, akakivika ua la karoti. "Makindu ndiyo hii. Tumepakana, wewe na mimi." Akachukua tonge kutoka hapo, akampelekea Koki mdomoni. "Kula, mwanangu. Nimechelewa miaka miwili."

Koki akala huku machozi yakimtiririka. Hillary naye akageuka kutazama dirisha ambalo halikuwa na chochote cha kutazamwa.

Na kwa kuwa hapo hakuna aliyekuwa akimwangalia, Tryphena akaikata Vuria kichwa.