Kupumzisha Mti

Pale Lupaso, ukitaka kumkera Alfredi, mwambie mikorosho yako umeipiga salfa mwenyewe. Atakuja mpaka shambani, ataangalia maua, atasonya, halafu atakuuliza kama ulikuwa unapiga dawa au unampaka mtoto poda. Mzee yule alikuwa fundi wa bomba, ule mtambo wa mgongoni unaopuliza unga wa salfa juu ya mikorosho. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukianza kuchoma maua, wenye mashamba walimfuata yeye, naye alfajiri upepo ukiwa bado umelala alikuwa keshafika. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliitoa hata kwa asiyeuliza: ua likitoka, piga, korosho zikishika, acha. "Mti nao una mwili," alikuwa akisema. "Upumzishe."

Basi huyo ndiye aliyekuja kupatwa na saratani ya damu.

Ilianza na uchovu usioeleweka, kisha tumbo likawa gumu upande wa kushoto, chini ya mbavu. Wengine walisema ni malaria ya siku nyingi, wengine wakasema salfa imemwingia mwilini, kila mtu daktari. Hospitalini mjini Masasi wakampima, damu nyingine ikapelekwa mbali, na majibu yaliporudi Dokta Gwakisa, Mnyakyusa mmoja mpole mwenye sauti nzito, akamweka kitako yeye na mkewe Agatha. Ndani ya mifupa, akawaeleza, kwenye uboho, ndiko damu inakotengenezwa, na huko kuna chembe zimeanza kuzaliwa kombo na kuzaana bila breki. Hilo tumbo gumu ni bandama, imevimba kwa kuelemewa. Aliposema jina la ugonjwa, Agatha akaanza kulia palepale, maana kwake saratani na sanda vilikuwa kitu kimoja.

"Mama Maria, subiri kwanza, hujasikia habari yenyewe," dokta akasema. "Zamani ugonjwa huu ulikuwa unatunyang'anya watu huku tunaangalia. Sasa kuna kidonge. Kimoja kila siku, baada ya kula. Nina wagonjwa wanazeeka nao."

Kidonge! Alfredi nusura acheke. Maradhi yote yale, halafu kidonge kimoja? Lakini alimeza. Kilimvimbisha macho, kikampa kichefuchefu, usiku misuli ya miguu ikamkaza mpaka akawa anamtukania dokta kabila. Hata hivyo tumbo lilinywea, nguvu zikarudi, na msimu wa maua ulipofika alibeba bomba lake kama kawaida. Siku moja kliniki Dokta Gwakisa akasoma majibu, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Baba Maria, hongera. Damu yako sasa safi. Endelea hivyohivyo."

Alisikia vizuri sana lile neno "safi." Yaliyofuata, sijui aliyaweka wapi.

Akatoka kifua mbele, akamkuta Mwalimu Oscar kwenye benchi. Oscar alikuwa kijana wa Singida, anafundisha shule ya msingi kule Newala, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja, kidonge kimoja. Wawili hao walizoeana kwa kulalamikia macho yao yaliyovimba.

"Shikamoo, mzee. Majibu yanasemaje?"

"Marahaba, mwalimu. Safi! Na wewe?"

"Na mimi wameniambia safi, mara iliyopita. Lakini kichefuchefu hiki, mzee, kitaniua kabla ya ugonjwa."

Alfredi akamsogelea. Kijana wa watu hajui mikorosho, atajuaje? Akamfundisha kwa upole, kama baba. Dawa ni ya kupigia ubwiriunga. Ubwiriunga umeondoka, korosho zimeshika. Ukiendelea kupiga unauchosha mti bure. "Mimi nafunga msimu tu: korosho zikianza kudondoka, napumzika. Na wewe pumzisha mti, mwalimu."

Oscar alimwangalia mzee alivyonawiri, akaona hapa kuna mtu anayejua anachosema. Hakuuliza zaidi.

Korosho zilipoanza kudondoka, Alfredi akavifungia vidonge kwenye kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati. Vya msimu ujao. Agatha hakuambiwa. Kila siku baada ya chakula mumewe aliomba maji, akaingia chumbani, akanywa maji matupu, akatoka anajifuta midomo. Na kweli, alinenepa! Kichefuchefu kwisha, miguu kimya. Alijiona mjanja kuliko hospitali nzima.

Kisha jasho la usiku likarudi. Akawa anakula matonge mawili anasema ameshiba. Asubuhi moja, akivaa shati, mkono wake ukapita chini ya mbavu za kushoto ukakuta lile gumu lake limerudi mahali pake. Alikaa kitandani akalishika, akaliachia, akalishika tena, mpaka Agatha akaingia na kumkuta hivyo, na hapo hakukuwa na uongo wa kusema.

Hospitalini Dokta Gwakisa alisoma majibu, safari hii bila tabasamu.

"Nani alikwambia uache?"

"Hakuna. Msimu uliisha."

"Msimu gani, Baba Maria?"

Alfredi akaeleza. Ua, ubwiriunga, korosho kushika, mti kupumzika. Akijisikia mwenyewe mle chumbani, sauti ilizidi kupungua. Dokta alikuna kichwa.

"Nilisema safi, na mimi ndiye nilipaswa kuhakikisha umenielewa," akasema. "Safi maana yake chembe zimejificha, vipimo haviwezi kuziona. Hazijaisha. Kidonge ndicho kinachozikalia shingoni. Ukikiondoa zinainuka, na kwa wengine zinainuka na ukaidi wake, kidonge kilekile hakizitishi tena. Tutakianza upya leo, tupeleke damu, tuone."

Agatha alikuwa amekaa pembeni ya mumewe. Alipofungua kinywa, hakumtazama dokta.

"Baba Maria, nakuuliza. Toka umenioa unabeba bomba. Umeshaponya mkorosho gani?"

"Unasemaje?"

"Nitajie mmoja uliopona! Si kila mwaka unarudi palepale, mti uleule? Ungekuwa umepona ungerudia nini? Halafu unaninywea maji matupu kwenye kikombe changu!" Sasa alikuwa analia kwa hasira. "Ulitaka nizike mjinga, Alfredi?"

Tangu wapate watoto hakuwahi kumwita jina lake. Alfredi alikuwa anaipitia mikorosho yote ya Lupaso kichwani, mmoja baada ya mwingine, anatafuta wa kumtajia, hana. Na huko kichwani, katikati ya mikorosho, akamwona Oscar.

"Mungu wangu," akasema. "Mwalimu."

Walipotoka tu alimpigia simu. Oscar akacheka. "Mzee, mimi mzima kabisa! Nimepumzisha mti kama ulivyosema, jana nimecheza mpira na watoto." Alfredi akaeleza, akarudia, akapandisha sauti mpaka watu wakageuka. Oscar akamjibu kwa adabu kwamba mzee amepata malaria tu, ajipumzishe, na simu ikakatwa. Mwalimu anamtuliza! Hakuna kilichomtisha Alfredi kama ile adabu.

"Nenda," Agatha akasema. "Simu haitamtoa huyo."

Kesho yake alipanda gari la Newala. Lilipoanza kukwea ule mlima wa kuingia kwenye uwanda wa juu, alikuwa amejikunyata dirishani, koti mwilini, mkono ubavuni. Aliyajua maneno atakayosema, ila hakujua kwa nini kijana ayaamini. Mtu yuleyule aliyemwambia aache ndiye sasa anamwambia ameze.

Mke wa Oscar, Stella, alimpokea, akamwekea kiti na maji ya kunywa. Pale juu maji ni ya kuhangaikia, na Alfredi, ambaye alikuja kumwambia mwanamke yule kwamba amemharibia mume, alishindwa kuyameza. Oscar akatoka ndani anatabasamu. Alikuwa amekonda, ila mwenyewe anaona ni mpira.

"Mzee, umekuja kweli! Ulinitisha bure. Wewe mwenyewe si unaonekana mzima?"

Hotuba yote ya garini ilipotea. Alfredi alisimama, akavua koti, akapandisha shati mbele ya mke wa mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Lete mkono."

"Mzee..."

"Nimesema lete mkono!"

Akaushika mkono wa Oscar akaubandika chini ya mbavu zake. Kijana akalisikia lile gumu. Alfredi akamwachia kidogo kidogo.

"Sasa jishike na wewe."

Oscar hakutaka. Alimwangalia Stella, akaangalia mlango. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe, taratibu, ukaingia chini ya fulana, ukasimama. Tabasamu lote likamwisha usoni.

"Nilidhani ni gesi," akasema.

"Nimekudanganya, mwanangu," Alfredi akasema. "Sikukusudia, lakini nimekudanganya. Vaa viatu twende."

Walishuka pamoja Masasi siku ileile, Stella katikati yao kamshika Oscar mkono. Damu ikapelekwa, vidonge vikaanza upya, na zikafuata wiki za kusubiri ambazo Alfredi hakuzitamani hata adui. Usiku alimwomba Mungu, na Agatha, aliyelala kamgeuzia mgongo, alisikia kwamba jina linalotajwa kwanza si la mumewe.

Majibu yalipokuja, ya Oscar yalikuwa mazuri: ugonjwa ulikuwa bado unakitii kidonge cha zamani, unashuka. Wa Alfredi ulikuwa umegoma. Dokta Gwakisa akambadilishia, akampa kidonge kingine, kipya zaidi, kilichotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mkaidi kama huo. Kikishindwa hicho, akasema, tutatafuta kingine, lakini vingine si vingi. Alfredi akakipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi mkewe. Agatha akakitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

Nje, kwenye benchi lao, Oscar alimgeukia Alfredi.

"Mzee, nami niulize. Hadi lini? Mwaka? Miaka kumi? Mimi kijana."

Alfredi aliyatazama majabali yale makubwa nyuma ya mji. Zamani angemjibu haraka sana.

"Mwalimu, toka nianze kubeba bomba sijaponya mkorosho hata mmoja," akasema. "Lakini njoo Lupaso ukaione. Yote inazaa."