Supu Isiyotiwa Chumvi

Chungu cha Mahjuba, mke wa kwanza aliyefariki, kilikuwa juu ya rafu ya jikoni, kimefunikwa kitambaa, na tangu Tahra aolewe katika nyumba ile hakuna aliyemkataza kukigusa wala aliyemruhusu. Alikiacha. Alipikia sufuria aliyokuja nayo kutoka kwao. Lakini baridi ilipoingia, theluji ikaonekana mlimani, na Ghita, binti wa Mahjuba, akaanza kutapika hata maji, Tahra alikiteremsha chungu, akakisugua kwa majivu, akakianika juani. Supu ya mifupa hutaka udongo. Sufuria huiharakisha.

Mumewe, Allal, mfumaji wa majoho ya sufu, alirudi kula mchana akakiona pale uani. Alisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani asijue salamu aianzie wapi.

"Umekitoa," alisema.

"Nimekitoa. Nikirudishe?"

Allal akafikiri. "Kama kitamfaa mtoto, kiache."

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Tumbo lilimvimba na kumkata, na kila alichokula kilirudi. Kilichowatisha watu si maradhi hayo peke yake. Mama yake alianza vivyo hivyo, katika chumba kile kile, akaisha kidogo kidogo kama kipande cha sabuni. Daktari wa zahanati alimpima Ghita kwa makini, akasema haoni kidonda. Apewe chakula laini, kidogo kidogo na mara nyingi, aachane na chai ya sukari na mkate mweupe aliokuwa akishindia. Tahra aliyashika maneno hayo. Kwao alimuuguza baba yake tumbo miaka mingi, na hakuwa na dawa nyingine ila chungu.

Kazi yake ilikuwa na mpango. Makongoro ya kondoo, yaliyobabuliwa manyoya na kukwanguliwa, aliyachemsha mpaka povu la kijivu likapanda. Maji hayo ya kwanza ni ya kumwaga. Kisha alianza upya kwa maji baridi, akaongeza mfupa wa goti, kitunguu kizima na ganda lake, karoti, bizari nyembamba kidogo, na makaa machache, chungu kipumue tu, kisichemke. Kuanzia asubuhi hadi alasiri. Mwisho shayiri iliyopondwa, ilainike mpaka isihitaji meno. Chumvi hakutia. Kwao tumbo bovu halipewi chumvi mpaka litulie.

Siku ya kwanza alipoinua chungu kwenda kuyamwaga yale maji katika tundu la maji machafu, chini ya jiwe la katikati ya ua, alishikwa mkono na Bi Batuli, jirani aliyekuja kuazima ungo akasahau kuondoka.

"Mwanangu, umetaja jina la Mungu?"

"Nimetaja."

"Kwa sauti?"

"Kwani majini ni viziwi, Bi Batuli?"

"Wewe cheka. Mwenzio aliyekutangulia hakutaja."

Tahra akakitua chungu chini. Habari hii alikuwa ameisikia vipande vipande tu.

"Aligombana na mumewe," Bi Batuli alisema, akishusha sauti, "akamwaga maji ya moto hapo kwa hasira, bila bismillahi. Akamchoma mtoto wao, hao wa chini. Jioni ile tumbo likamfunga. Tukaita mganga. Akasema aliyekasirikiwa nao ale wanachokula wao, yaani kisicho na chumvi. Baadaye akasema hata hicho apunguziwe, mpaka watosheke. Basi kila alasiri wao tunawawekea bakuli hapo tunduni, yeye tunampa chai."

"Naye alisemaje?"

Bi Batuli aliutazama ungo. "Aliomba supu. Tukamwambia kesho." Akaupindua ungo. "Usinitazame hivyo. Tulimpenda yule mwanamke."

"Sijakutazama vibaya," Tahra alisema, na ilikuwa kweli. Aliona nyumba nzima ya watu waliofanya walichoamini kitamponya mgonjwa wao. Aliyaacha maji yapoe kabisa, akayamwaga taratibu, akataja jina la Mungu kwa sauti ya kumtosha jirani aende kwake na moyo mweupe.

Ghita alilipokea bakuli lake kitandani. Alimwita Bi Tahra, hakumwita mama, na Tahra hakudai.

"Hii supu, Bi Tahra, au gundi ya seremala?"

"Ikikaa tumboni, iite gundi."

Msichana alitaka kucheka. Kisha akaonja kwa ncha ya ulimi, akamtazama mama yake wa kambo kwa muda, kana kwamba ameambiwa siri. "Niachie," alisema. "Nikitazamwa haipiti."

Bakuli lilirudi tupu, jeupe. Siku iliyofuata vilevile, na zilizofuata. Allal akaanza kula kwa raha, akamwambia mkewe kwamba mikono yake ina baraka. Lakini Tahra alipomshika Ghita kumsaidia kuinuka, vifundo vya mikono vilikuwa vyembamba kuliko jana. Hakumshuku mtu. Alianza kwa kujishuku mwenyewe: akaondoa kitunguu, akapunguza bizari, akailoweka shayiri usiku kucha, akayaengua mafuta ya juu. Bakuli liliendelea kurudi jeupe, na msichana aliendelea kuisha.

Alasiri moja alikuwa darini akikusanya sufu iliyoanikwa. Nyumba ilikuwa kimya. Kutoka uani ikapanda sauti ya mtu anayemeza. Si mmezo wa pupa. Ulikuwa wa taratibu, mmezo mmoja, kimya, kisha mwingine, kama wa mtu mwenye njaa ya siku nyingi anayeogopa kunyang'anywa. Tahra aliteremka na sufu mkononi. Uani hapakuwa na mtu. Jiwe la tundu lilikuwa limelowa, na pembezoni mwake mafuta meupe yalikuwa yameganda kwa baridi, na ndani ya mafuta punje za shayiri.

Kesho yake alimpelekea Ghita supu, akaaga kwamba anakwenda kwa Bi Batuli, kisha akakaa nyuma ya pazia la jikoni.

Ghita alitoka pekupeku, akishika ukuta. Alipiga magoti tunduni. Alichota kijiko, akakipuliza, akakigusisha mdomoni kuona kama kina moto, halafu akakimimina chini.

"Taratibu, Mama," alisema. "Ipo nyingi."

Chini ya jiwe kitu kikameza.

Tahra alijiambia ni maji. Maji yakishuka shimoni hulia. Lakini maji hulia yakiwa yanashuka, na sauti hii ilikuja baada yake, ikakoma, ikangoja kijiko kingine. Alisikiliza vijiko viwili zaidi, ndipo akatoka, akaketi sakafuni karibu na msichana. Ghita hakushtuka.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Utamwambia Baba?"

"Sijajua bado nitamwambia nini."

Ghita akamimina kijiko kingine. "Nilidhani unajua. Siku ile ya kwanza nilipoonja, haina chumvi. Nikasema, kumbe Bi Tahra anampikia yeye, mimi ananituma tu."

Tahra akalitazama bakuli. Alikuwa ameikwepa chumvi kwa ajili ya tumbo la mgonjwa, na kumbe, alasiri baada ya alasiri, mikono yake imepika chakula cha wa chini.

"Sikujua," alisema. "Kwetu ni kwa ajili ya tumbo tu. Na kabla sijaja na supu, ulikuwa unatapika kwa nini?"

"Kabla nilikuwa namsikia akiomba. Kila nikitia tonge mdomoni, naye anaomba. Utameza vipi? Linarudi lenyewe. Sasa akila angalau ananyamaza."

"Na wewe utakula lini?"

"Akishiba."

Tahra alilitazama lile jiwe. Kumwambia msichana kwamba hapo hapana kitu kungekuwa kuikana sauti aliyoisikia kwa masikio yake. Kumwambia kwamba kipo kungekuwa kumsindikiza kaburini. Akatafuta neno la tatu, na kama kawaida yake hakulitafuta mbali, alilitafuta jikoni.

"Mama yako anakula nao?"

"Wamemshikilia. Anakula wanachokula."

"Basi sikiliza. Kesho nitapakua mara mbili. La kwanza halina chumvi, hilo ni lake. Kisha nitatia chumvi chungu kizima, na humo ndimo litatoka lako. Hilo la chumvi ukilimimina hapa, utawaunguza kuliko maji ya moto, na yeye yumo kati yao."

Ghita alimtazama kwa macho makubwa ya mtu aliyekonda. "Unasema kweli, au unanihadaa kama mtoto?"

"Nasema ninachokijua kuhusu chumvi. Kuhusu mama yako sijui kitu. Sikuwahi kumwona."

"Na lake atamlisha nani? Mimi nikishika kijiko sitakula."

"Yuko mtu," Tahra alisema.

Allal aliposimuliwa hakukasirika wala hakucheka. Aliondoa nyuzi za sufu kwenye mikono ya kanzu yake, moja moja, kwa muda mrefu.

"Ni mimi niliyekuwa nikimwambia kesho," alisema. "Wengine walikuwa wakifuata."

"Najua."

"Nikimpelekea, nitasema nini?"

"Mwambie ale."

Alasiri ya siku iliyofuata supu ilipakuliwa mara mbili mbele ya macho ya wote. Ghita aliiona chumvi ikiingia chunguni, konzi nzima. Aliketi kwenye kizingiti cha chumba chake na bakuli mapajani. Baba yake akapiga magoti tunduni, akachota kijiko.

"Kipulize kwanza, Baba," Ghita alisema. "Anaogopa moto."

Allal akapuliza. Alipuliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamimina. "Mahjuba," alisema, "kula."

Kikameza. Uso wa Allal ukawa rangi ya majivu, lakini mkono wake ulirudi bakulini kuchota tena. Tahra hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama msichana, aliyeinua kijiko chake, akakitia mdomoni, akafumba macho akisikiliza. Koo likapanda na kushuka. Ghita alijiziba mdomo kwa kiganja, akangoja, na wote wakangoja naye. Haikurudi. Akachota kijiko cha pili.

Hakupona kwa siku moja. Ziko siku supu ilirudi nusu, Tahra akasafisha, akapakua upya. Alipozoea supu, alipewa karoti zilizopondwa, kisha dengu zilizochujwa maganda, kisha mkate wa shayiri nzima uliolowekwa ndani ya supu ile ile, kisha tufaha la kuoka. Miti ya matunda ilipochanua kwenye miteremko ya mji, Ghita alikuwa akipanda darini bila kushika ukuta.

"Umenenepa," Bi Batuli alimwambia. "Karibu utapita mlangoni ubavu ubavu."

"Na wewe utapita na ungo wetu lini, Bi Batuli?"

Siku hiyo, jirani alipokwisha kwenda, Ghita alikaa na Tahra uani wakichambua dengu. Alikuwa na rangi mashavuni.

"Mimi simsikii tena," alisema. "Na Baba hasikii, nimemuuliza. Nadhani ameshiba. Tuache, Mama Tahra. Nyumba ipumzike."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Tahra aliinama juu ya sinia ya dengu ili macho yake yasionekane, akasema sawa, tuache.

Kesho yake alitia chumvi mapema, chungu kizima, akapakua kwa watu watatu. Wakala, wakamaliza. Allal akarudi kwenye kitanda chake cha kufumia, Ghita akaenda kuosha vyombo huku akiimba kwa sauti ya chini. Tahra alibaki uani na ufagio. Jua lilikuwa limefika kwenye jiwe la tundu, na jiwe lilikuwa kavu.

Chini yake mtu akameza. Ulikuwa mmezo mkavu, wa mtu anayemeza mate yake mwenyewe. Halafu ikaja sauti ya mwanamke ambayo Tahra hakuwahi kuisikia katika uhai, ya upole, isiyo na lawama, kama ya jirani anayebisha hodi huku akiona haya.

"Mke mwenzangu," ilisema.

Jikoni Ghita aliendelea kuimba. Tahra aliuegemeza ufagio ukutani, akajitanda shuka yake, akachukua kikapu.

"Unakwenda wapi?" Ghita aliuliza kutoka ndani.

"Kwa muuza makongoro, kabla hajafunga."

"Lakini supu ipo, Mama Tahra. Imebaki nyingi."

"Ya nyumbani ipo, ya chumvi," Tahra alisema, akaufungua mlango wa nje polepole usilie.