Mama Mtaani

Chuoni, wanafunzi walimpachika profesa wao jina la Mama Mtaani, kwa sababu hakumaliza mhadhara bila kusema, "Tiba ya akili haiko wodini, iko mtaani." Alilisikia, akacheka, likamganda.

Kazi yake haikuwa kutibu kwa mkono wake. Alikaa na walimu, manesi na polisi, watu wanaokutana na wagonjwa kila siku, akawashauri namna ya kusema nao kabla mambo hayajaharibika. Utafiti wake ulionyesha kwamba mgonjwa anayeishi na ndugu zake, nesi akimtembelea kila wiki, hupata nafuu kuliko anayefungiwa. Wizara ilipomwita kumtaka ushauri, hakumung'unya maneno: wodi ya nondo, walimofungiwa wagonjwa, ifungwe. Ikafungwa.

Miongoni mwa waliotoka alikuwa kaka yake mkubwa. Profesa mwenyewe alikwenda kumchukua, akampeleka kwa mdogo wao wa kike, fundi cherehani, aliyekuwa na vyumba viwili na mchumba mcheshi, fundi umeme.

"Mimi safari haziishi, unanijua," alimwambia mdogo wake. "Nesi atakuwa anakuja."

Nesi akaja kweli. Kaka akaanza kufagia vipande vya vitambaa, kukunja nguo za wateja, hata kuimba. Profesa akasimulia habari zake kwenye mikutano bila kumtaja jina, watu wakapiga makofi. Kisha ufadhili wa manesi ukakatika, na Profesa akahamia mradi mwingine.

"Dada, nesi haji tena," mdogo wake alimwambia kwenye simu. "Dawa nazo za kubahatisha. Jana kaka kakatakata gauni la bibi harusi."

"Pole, mdogo wangu. Nitalifuatilia."

Nia alikuwa nayo. Ila kulikuwa na ripoti ya kumaliza, na baada ya ripoti safari, na baada ya safari aliona haya kupiga simu mikono mitupu. Fundi umeme alisubiri ndoa weee, mwisho akaoa kwingine. Wateja wakahama mmoja mmoja.

Mgongo wa mdogo wake ulipokataa kabisa kunyanyuka kitandani, Profesa alikuwa ameshastaafu. Akaja na sanduku lake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mkasi ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati shingoni mwa mdogo wake.

"Mbona hukunikaripia miaka yote hii?"

"Ningekukaripia saa ngapi? Kila nikikupata, uko uwanja wa ndege." Mdogo mtu akacheka kidogo, akashika kiuno kwa maumivu. "Nilikuwa nakusikia redioni: jamii itawapokea, jamii itawabeba. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Kumbe jamii yenyewe ni mimi, dada."

Profesa alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwekea mto mgongoni.

Asubuhi alikwenda zahanati kuomba nesi. Mganga mkuu, kijana wa juzijuzi, alimtambua, akasimama kwa heshima.

"Mama Mtaani! Mradi wako tuliusoma chuoni. Tulifundishwa kwamba ulifaulu."

"Na nesi wa kuzunguka majumbani?"

"Huyo hatuna, mama. Tangu nifike hapa sijamwona."

Alirudi kwa miguu, jua likimchoma utosini. Njiani akawa anaipanga barua ya kuiandikia wizara, kisha akakumbuka kwamba wote aliowajua kule wamestaafu kama yeye.

Nyumbani akamimina chai, akampelekea kaka yake. Yule mzee akasimama wima, mikono nyuma, kama walivyozoezwa wodini.

"Daktari, mimi sasa sijambo," alisema kwa adabu. "Utaniruhusu lini niende nyumbani?"

"Uko nyumbani, kaka. Ni mimi, mdogo wako."

Hakuigusa chai. Aliutazama mlango wa chumba cha pili, akangoja.

"Kunywa, kaka," sauti ya mdogo wao ikatoka kitandani. "Huyo ni wetu."

Ndipo akapokea kikombe. Profesa akaketi sakafuni karibu naye, akaanza kumsimulia habari za utotoni mwao. Kaka alikunywa taratibu, macho yake mlangoni.