Ukosi wa Shati la Buluu

Kazini walimwita Jicho. Kazi yake katika filamu ilikuwa kuhakikisha kwamba kitu kilivyoonekana katika picha moja ndivyo kitakavyoonekana katika inayofuata: kikombe pale pale, mkono wa shati umekunjwa vile vile. Mumewe, mwigizaji, alikuwa akimtania kwamba nyumbani kwao huwezi hata kudokoa sukari, maana kijiko kikigeuka tu, kesi.

Sasa mume hayupo. Moyo ulimsimama ghafla, filamu ikiwa katikati. Sehemu ya kunywa chai ilibaki nusu: alipigwa picha kwa mbele akinyoosha mkono kushika kikombe, basi. Kilichobaki ni picha ya kwa nyuma, akinywa.

"Shemeji yako akae pale, avae lile shati," mwongozaji alimwambia Jicho. "Leo leo, kesho chumba hiki cha kuigizia kinabomolewa. Isipolingana, itabidi niitoe sehemu ya marehemu yote. Samahani, dada, sina njia."

Basi akaletwa mdogo wa marehemu, mabega yale yale, hata kumtazama ni mtihani. Jicho akamweka sawa: kiwiko mezani, kikombe kulia, kichwa kielekee mlangoni, kwa sababu huko ndiko kaka mtu alikokuwa akitazama. Kamera ikawashwa.

"Kata!" mwongozaji akapaza sauti. "Huo ukosi! Mbona umenyooka?"

Wote wakamgeukia Jicho. Alikuwa ameunyoosha yeye mwenyewe, wala hakujua. Mumewe hakuwahi kuvaa shati ukosi ukakaa sawa. Kila asubuhi Jicho alimsimamisha mlangoni, akaunyoosha huku akimgombeza. Siku ile ya mwisho Jicho alitangulia kazini. Alipomwona mbele ya kamera, ukosi umejikunja, vidole vilimwasha. Lakini picha ya kwanza ilikuwa imeshapigwa, na kilichopigwa hakiguswi. Akamwacha vile.

"Niukunje mwenyewe, shemeji?" kijana aliuliza, machozi yanamlenga.

"Tulia. Wewe hujui ulivyokuwa umejikunja."

Akaukunja upande wa kushoto, taratibu. Iliuma. Miaka yote ya ndoa alikuwa akiunyoosha, na leo ndiyo anauharibu kwa mkono wake mwenyewe, ili mumewe asitupwe.

"Tayari," akasema.

Wiki iliyofuata mhariri aliziunganisha picha mbili pale pale vidole vinapogusa kikombe, ili macho yafuate mkono yasione kiungo. Ukosi ulilingana, kila kitu kililingana.

"Unaona mshono wowote?" aliuliza kwa majivuno.

"Sioni. Hebu irudie."

Akairudia. Mkono wa mumewe ukanyooka juu ya meza, polepole, kama alivyozoea kufanya nyumbani. Vidole vikagusa kikombe. Jicho akafumba macho kabla yule mwingine hajanywa.

"Vipi?" mhariri akauliza.

"Irudie tena," akasema, macho bado kayafumba.