Sifuri za Mzee Todoroki

Chizuru Inokuma alikuwa na miaka arobaini na minne kiwanda cha samaki wa kusaga kilipofunga milango pale Uwajima, huku Japani, na kwa miezi mitano alizunguka mji mzima akiomba kazi. Kila alikokwenda aliinamiwa, akapewa chai ya moto, akaambiwa asubiri barua. Barua zilikuja kweli, maana watu wetu wa huku hawana tabia ya kumwacha mtu akining'inia, na zote zilisema jambo lilelile kwa maneno ya sukari: mama, umri umekutupa mkono.

Mahali pekee palipomwambia njoo ni kampuni moja ya malori kumi na moja, yenye yadi nyuma ya stesheni ya treni, ambako dereva aliyeitwa "kijana" alikuwa na miaka hamsini na miwili. Leseni ya lori la tani nne Chizuru alikuwa ameipata kiangazi kile, baada ya kuanguka mtihani mara mbili na kulia mara tatu. Meneja, bwana Kusunoki, hakumung'unya maneno.

"Miezi mitatu utakuwa chini ya Todoroki-san. Ukifuzu, unapewa lori lako. Usipofuzu, tunaagana kwa wema. Sawa?"

"Sawa," Chizuru akajibu, akainama mpaka nywele zikagusa meza.

Mzee Todoroki, ambaye wote walimwita Todoroki-san kwa heshima, alikuwa na miaka sitini na minne, mfupi, kifua kipana, amebakiza miezi michache astaafu. Maneno aliyatoa moja moja, utadhani yanakatwa kwenye mshahara wake. Ndani ya kichwa cha lori lake mlikuwa na zulia, na hapakanyagwi na kiatu. Madereva wengi wa huku ndivyo walivyo. Siku ya pili Chizuru alivua viatu vyake chini, akavipanga pua zikitazama nje kama afanyavyo mlangoni kwake, akapanda, wakaondoka. Walipofika soko la Matsuyama, kilomita tisini mbele, akafungua mlango, akatazama chini, roho ikamruka.

"Todoroki-san... viatu vyangu."

"Viko wapi?"

"Vimebaki Uwajima."

Mzee akatafakari. "Umevipanga vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi havitapotea."

Siku ile Chizuru alishusha makasha mia mbili ya machenza akiwa amevaa ndara za kijani za chooni alizoazimwa na mlinzi wa soko. Wapakuzi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Jamani, dereva wa msalani kafika! Mpisheni!" Alitamani ardhi immeze. Mzee Todoroki hakucheka, wala hakumtetea. Alimpa tu kopo la kahawa ya moto wakati wa kurudi, akamwambia viatu huvuliwa ukiwa umeshakaa kitini, kisha huwekwa kwenye kikapu kilichoning'inia nyuma ya mlango.

Ndivyo alivyofundisha. Kosa kwanza, maelezo baadaye, tena maelezo ya sentensi moja. Alimfanyisha Chizuru mazoezi ya kurudi nyuma kwenye gati la kupakulia mpaka akayaota, na kila mara vioo vilipomchanganya, mzee alisema neno moja tu: "Shuka." Chizuru akashuka, akaangalia kwa macho yake, akapanda tena. Siku moja alishuka mara tisa. Nyuma yao foleni ya malori ilikuwa imetulia, kwa kuwa wote walimjua Todoroki. Alimfundisha kukaza kamba za turubai kwa fundo lisilolegea, na kunyoosha kidole na kutamka kwa sauti kabla gari halijasogea: "Kulia, sawa! Kushoto, sawa! Nyuma, sawa!" Mwanzoni Chizuru alinong'ona kwa haya. "Lori halina masikio," mzee akamwambia. "Unajisikiza mwenyewe." Kuanzia hapo akapaza sauti.

Tena aliipenda kazi ile, nisiwafiche. Aliupenda urefu wa kiti, na bahari inavyojitokeza ghafla ukitoka kwenye handaki. Aliwapenda hata wapakuzi wa soko, ambao sasa walimsalimia kwa jina. Usiku alilala usingizi wa mtu aliyechoka kwa halali.

Kilichobaki cha kuogopwa kilikuwa mashine ya kupuliza. Ilikaa juu ya meza ya Kusunoki, na kila dereva aliipuliza mbele yake kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Ikinusa pombe mdomoni inapiga kengele, inachapa namba, na namba inaandikwa kitabuni. Ukutani palikuwa na tangazo kwa herufi nene: aliye kwenye majaribio akipigisha kengele, majaribio yake yameisha. Kusunoki hakusikiliza visingizio. Alishawahi kuambiwa ni dawa ya kikohozi, akaambiwa ni keki, akaambiwa ni marashi ya mke, na wasemaji wote watatu walikuwa wamelewa.

Kando ya tangazo lile palikuwa na ubao wa mbao. Kila mwaka mpya Kusunoki aliandika hapo kwa wino mweusi majina ya waliomaliza mwaka kwa sifuri tupu. Wengine majina yao yaliingia mwaka huu, yakakosekana mwaka ujao. La Todoroki lilikuwa limeandikwa mara kumi na tatu mfululizo, tangu mashine ile iletwe. Hakulizungumzia kamwe, ila Chizuru alimfuma mara moja akiufuta ubao ule vumbi kwa glavu yake.

Siku ya kufa na kupona ikapangwa katikati ya Desemba: Matsuyama na kurudi, peke yake, na makasha yafike sokoni kabla ya saa tano asubuhi. Akirudi salama, lori namba saba ni lake.

Asubuhi ile Chizuru alikuwa ameshashika baiskeli mlangoni alipotokea jirani yake, Bibi Sueno, mwenye miaka themanini na miwili na mgongo uliopinda, amekumbatia kikasha kilichofungwa kitambaa.

"Mwanangu! Leo ndiyo leo! Nimekuletea achari yangu ya matango. Imelala mwaka mzima, sijamfungulia mtu. Hebu onja."

"Bibi, nimeshachelewa..."

"Kimoja tu. Unataka nife na kinyongo?"

Sasa nani atakataa? Chizuru akaonja kipande, akasema ni kitamu kupita kiasi, na kwa kuwa alisema hivyo ikabidi ale cha pili, na cha tatu ili Bibi Sueno aamini. Vilikuwa vitamu kweli, vya rangi ya kahawia, vyenye harufu nzito.

"Vilivyobaki wape wenzako kazini. Waambie wakuangalie vizuri."

Dakika saba baadaye Chizuru alikuwa mbele ya meza ya Kusunoki, mkoba begani, ufunguo wa lori mkononi, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. Mzee Todoroki alikuwa kwenye benchi akivaa glavu, naye akisubiri zamu yake ya kupuliza. Chizuru akavuta pumzi, akapuliza.

Kengele ikalia.

Kwanza hakuelewa ni ya nini. Kisha akaiona namba: 0.11. Madereva wawili waliokuwa kwenye kahawa wakageuka, halafu kwa adabu wakatazama pembeni, na adabu ile ilimuumiza kuliko matusi.

"Sijanywa," akasema. "Meneja, sijanywa tangu harusi ya binamu yangu, mwaka juzi."

Kusunoki uso ulikuwa umemsawijika. Alimpenda mama huyu, ilionekana. "Chizuru-san, tangazo umelisoma. Mashine haina chuki na mtu."

"Naapa sijanywa."

"Wote huapa. Tafadhali, weka ufunguo mezani."

Akauweka. Miezi mitatu, viatu, ndara, kushuka mara tisa, vyote vimeishia kwenye namba. Akaona barua zile za maneno ya sukari zikianza upya, na safari hii zikiwa na sababu.

"Umekula nini asubuhi?" Ni mzee Todoroki, kutoka kwenye benchi.

"Wali. Supu. Samaki kidogo."

"Na nini?"

"Na... achari ya jirani. Vipande vitatu tu, mlangoni, nikitoka."

"Ya matango? Ya kahawia?"

"Ndiyo."

Mzee akafumba macho. "Inalowekwa kwenye machicha ya sake, wewe. Mwaka mzima! Dereva haigusi asubuhi."

Chizuru akajishika mdomo. Ameila tangu utotoni kama anavyokula wali, na haikumpitikia hata siku moja kuwa ni pombe. Nani hufikiria achari ya bibi?

"Todoroki-san," Kusunoki akasema taratibu, "nimeshaambiwa keki. Leo nimeambiwa achari. Kesho nitaambiwa nini?"

Mzee akamwendea Chizuru, akanyoosha kiganja. "Iko wapi?"

Chizuru akatoa kikasha mkobani. Mzee akakifungua, akachukua kipande, akatafuna. Akachukua cha pili.

"Todoroki-san, acha!" Kusunoki akainuka. "Hujapuliza bado! Zimebaki wiki mbili mwaka uishe!"

"Najua kalenda." Akameza cha tatu, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akaivuta mashine, akapuliza pumzi ndefu ya mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara.

Kengele ikalia. 0.14.

Mzee Todoroki akaweka na wake ufunguo mezani, kando ya ule wa Chizuru.

"Mimi umenijua miaka ishirini na sita," akamwambia Kusunoki. "Nimelewa?"

Kusunoki akaitazama namba, akautazama ubao ukutani, akakaa kitini kama mtu aliyekatwa miguu. "Kwa nini usingenieleza tu, mzee wangu?"

"Umeshaelezwa sana wewe. Na miezi mitatu nimemfundisha mimi. Hili la achari sikumwambia. Kosa la nani?"

Basi meneja, na naamini ilikuwa mara yake ya kwanza, akafanya jambo lisilo kwenye tangazo. Akawapeleka wote wawili kwenye sinki, wakasukutua mara tano ili pombe ya mdomoni itoke, maana ya mlevi haitoki kwa maji, wakakaa kwenye benchi moja dakika ishirini mbele ya saa ya ukutani, wasile wala wasinywe, yeye mwenyewe akiwalinda. Chizuru alijaribu kuomba radhi. Mzee akamkatiza.

"Nyamaza. Unakausha mate."

"Lakini ubao..."

"Tamu sana ile achari," mzee akasema. "Nina miaka kumi na tatu sijaila kwa starehe."

Dakika ishirini zikatimia. Chizuru akapuliza. Sifuri, kavu, safi. Mzee akapuliza. Sifuri. Kusunoki akausukuma ufunguo wa lori namba saba upande wa Chizuru kwa vidole viwili, akamwambia muda ni mfupi ila asikimbize.

Hakukimbiza. Alizunguka gari, akanyoosha kidole, akatamka, akavua viatu akiwa kitini, akaondoka. Alipokata kona ya lango aliona kwenye kioo cha kushoto watu wawili wamesimama yadini wameinama, meneja na mzee, na hawakuinuka mpaka walipompotea kiooni. Hakuweza kuwarudishia heshima ile, mikono ilikuwa na kazi. Basi akasema kwa sauti, kiti cha pembeni kikiwa kitupu kwa mara ya kwanza: "Asante." Akalirudia kwa Bibi Sueno, ambaye hana hatia yoyote. Akalirudia hata kwa kiwanda kilichomwacha bila kazi, maana kisingefunga asingeiona bahari ile ikitokea mwisho wa handaki. Alijiona mtu mwenye bahati, na hakuona haya kulisema peke yake garini.

Alifika sokoni saa tano kasoro dakika nane. Gatini alishuka kuangalia mara mbili, akaingia sawasawa. Wapakuzi wakampigia makofi, na mmoja akauliza mwalimu wake yuko wapi. "Yuko na safari yake," Chizuru akasema, akaanza kufungua kamba za turubai.

Saa tisa alasiri alikuwa amesharudi yadini. Lori la mzee Todoroki lilikuwa halijafika, lilikuwa bado njiani kutoka mji wa Kochi. Kusunoki akampongeza, akamwandalia mashine, kisha akamgeuzia kitabu aweke muhuri wa jina lake, ambao huku ndio sahihi. Pale ndipo Chizuru alipoiona mistari miwili ya asubuhi. Wa kwanza, jina lake, 0.11. Chini yake, Todoroki, 0.14. Mbele ya kila namba kuna nafasi ya kuandika sababu, na zote mbili zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko mzito wa mzee. Kwake Chizuru: *Alikula bila kujua.* Kwake yeye: *Nilikula kwa kujua, ili mwenzangu aaminiwe.*

"Nilitaka kuzifuta," Kusunoki akasema, macho kwenye dirisha. "Ningeandika zile sifuri za pili, basi, na jina lake lingekaa ubaoni mwaka huu, ambao ndio wake wa mwisho. Amekataa. Amesema kitabu kikianza kufutwa, hata sifuri zake kumi na tatu hazina maana tena."

Chizuru akagonga muhuri mstari wake. Akaishika mashine, akavuta pumzi, lakini pumzi ikakatika katikati, na mashine ikaandika kwamba haijatosha. Akajaribu tena, ikakatika tena, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni.

"Pole pole," Kusunoki akamwambia, akasogeza kiti karibu. "Kaa kwanza. Tutamsubiri afike."